Bizimu

Basi la kwanza kutoka Klaipėda huondoka usiku bado,
nami nimekumbatia sanduku kama aliyebeba mayai.
Ndani: herini jozi arobaini, vidani kumi na vinne,
pete ambazo hazijajua kidole,
kioo, koleo, na kitambaa cheusi
nilichokipiga pasi jana mara mbili kwa woga.

Kizuri chajiuza, walisema wahenga.
Wahenga hawakuwahi kulipia meza.
Hawakusimama Vilnius mwezi wa tatu,
theluji ikigeuka tope, glavu zimekatwa ncha,
wakitabasamu tangu saa mbili asubuhi
hadi taya zikauma kama jino bovu.

"Ni kaharabu kweli, au plastiki?"
Jibu ninalo: gilasi ya maji ya chumvi.
Natia punje, yaelea.
Natia kifungo cha koti, chazama.
Watoto wanapiga makofi, mama zao wanaondoka.

Yupo anayeuliza bei kisha anacheka.
Yupo mwenye mpwa anayeweza kutengeneza hivi hivi,
mpwa wa miaka tisa.
Yupo aliyejaribu pete, ikakwama,
tukahangaika naye kwa sabuni, kaiva uso,
nikamwambia, "Ni baridi, baridi huvimbisha vidole,"
nami sonara najua fika kwamba huvikondesha.
Hakununua. Aliniachia nusu ya mkate wake.

Jirani yangu Vygantas anauza miiko ya mbao.
"Watu lazima wakoroge," huniambia.
"Nani amelazimika kung'aa?"
Saa sita amebakiwa na miiko mitano,
nami nimebakiwa na karibu kila kitu.

Vuli iliyopita, kule Kaunas, waliniweka kwenye kioo:
vipande vitatu, taa zake, divai, ukimya.
Jina langu ukutani lilikosa nukta juu ya herufi ya mwisho.
Watu walipita mikono nyuma, kama msibani.
Hakuna aliyegusa. Hakuna aliyeuliza kama ni plastiki.
Nilikaribia kuwauliza mimi.

Mzee Zenonas huja alasiri.
Aliendesha troli miaka thelathini na moja,
na tangu astaafu, kila mwaka hununua punje moja,
moja tu, ya mkufu wa mkewe.
Huinyanyua kwenye mwanga, hufumba jicho:
ya mwaka juzi rangi ya asali,
ya mwaka jana nyekundu, karibu na chai iliyokaa.
Nilikuwa nimemwekea ya mwaka huu kando,
nyeupe yenye ukungu, kama maziwa yanayoanza kuganda.

Akaja. Akatoa leso mfukoni, akaikunjua:
punje kumi na moja, bado kwenye uzi wa mshipi
niliomfungia mwaka ule wa kwanza.
Nikamsogezea ya kumi na mbili.
Akatikisa kichwa.
"Sitaki punje. Nataka bizimu.
Ufunge."

Sikuuliza.
Nikainama na koleo, vidole havinitii,
Vygantas kasimama nyuma yangu na mwavuli
bila kusema lolote juu ya miiko.
Bizimu ya fedha, ndogo, ile niliyoiweka
kwa kazi ya bei kubwa.
"Kiasi gani?"
Nimeshaulizwa hivyo mara elfu kwa siku moja.
Nikataja bei. Bei yenyewe,
maana ningempunguzia hata senti angejua.
Akahesabu sarafu, akarudia kuhesabu.
Kisha akauvaa papo hapo, chini ya skafu,
akafunga koti hadi kidevuni,
akaenda zake upande wa kituo cha troli.

"Samahani," mwanamke akasema,
kofia ya sufi, mtoto mkononi,
"hii ni kaharabu kweli?"

Utando wa barafu ulishaanza juu ya gilasi.
Nikauvunja kwa kidole,
nikachukua punje iliyokuwa karibu.
Ikazama kidogo, ikaibuka.
Mtoto akapiga makofi.